Meli ya Kitalii: Tafuta Ndege Kabla ya Kulipia Chumba

Huenda tangazo hili limekupitia kwenye simu: siku saba katika Bahari ya Mediterania, unapanda meli Barcelona, unashuka Athens, chumba ndani, chakula ndani, na bei ambayo ukiigawa kwa siku unaona inakaribiana na hoteli ya Diani. Kidole kinawasha. Pesa iko kwenye simu, kitufe cha kulipa kiko palepale, na tangazo linasema vyumba vilivyobaki ni vichache.

Sisi ni kampuni ya malipo. Kazi yetu ni kutoa pesa kwako na kuifikisha inakokwenda ndani ya sekunde chache, kwa hivyo si kawaida utusikie tukisema hivi: usilipe bado. Kwa safari inayoanza bandari moja na kuishia nyingine, tunaamini mpangilio wa malipo una uzito kuliko bei iliyo kwenye tangazo. Anayelipia chumba cha meli kwanza halafu akaanza kutafuta ndege huishia kununua nauli yoyote atakayoikuta, kwa sababu tarehe na miji vimeshamfunga. Anayepiga hesabu ya ndege kwanza ndiye anayejua kama meli ni ya bei nafuu kweli.

Na safari hizi si za matajiri peke yao. Kuna wanachama wa chama wanaoweka kidogo kidogo, kuna wanandoa wanaojipa zawadi baada ya miaka mingi ya kulea, kuna vijana wanaochanga ili mama na baba waone bahari nyingine kabla hawajachoka. Hiyo ni pesa ya miaka miwili, mitatu. Haifai ipotee kwa sababu tu mtu alilipa cha pili kabla ya cha kwanza.

Bei ya meli si bei ya safari

Meli inayoanza na kumalizia bandari ileile haisumbui. Unanunua tiketi ya kwenda na kurudi, basi. Lakini meli ikiondoka Barcelona na kuishia Piraeus, ambayo ndiyo bandari ya Athens, kampuni ya meli imekuuzia kipande cha katikati tu. Kukufikisha Uhispania na kukutoa Ugiriki ni mzigo wako. Kwa mtu anayetoka Nairobi, Mombasa au Kisumu, mzigo huo unaweza kuwa mzito kuliko chumba chenyewe.

Angalia safari za kuvuka Atlantiki. Baridi ikikaribia Ulaya, meli nyingi huondoka Mediterania kwenda Karibiani, na kufikia Aprili au Mei hurudi. Kuvuka huchukua takriban wiki mbili. Bei kwa siku huwa ya chini, kwa sababu meli lazima ivuke, iwe imejaa au ina nafasi. Mtu akiona bei ile anapiga makofi. Kumbe meli inamshusha Miami au Fort Lauderdale. Sasa anahitaji viza ya Marekani juu ya ile ya Ulaya, na anahitaji ndege ya kumrudisha nyumbani kutoka Florida. Ndege ya moja kwa moja kati ya Marekani na Nairobi, ile ya Kenya Airways iliyoanza Oktoba 2018, inatoka New York, si Miami. Kwa hivyo kuna ndege nyingine kabla ya hiyo. Ukijumlisha yote, ule unafuu wa chumba umeliwa na ndege, na pengine umeacha deni.

Hatusemi safari hizo ni mbaya. Tunasema bei unayopaswa kulinganisha ni moja tu: kutoka mlango wa nyumba yako hadi kurudi mlango uleule.

Njia tatu za kununua tiketi, na ile tunayoipendelea

Turudi kwa mfano wetu wa Barcelona hadi Athens. Kuna njia tatu za kununua ndege.

Ya kwanza ni kununua tiketi ya kwenda na kurudi Barcelona, halafu baada ya kushuka meli unanunua ndege ndogo ya kukutoa Athens na kukurudisha Barcelona ili uwahi ile ya Nairobi. Wengi huanza hapa kwa sababu ndiyo wamezoea. Ubaya wake ni kwamba unaruka kwenda magharibi ili baadaye uruke kurudi mashariki, unalipia mizigo mara ya pili, na mara nyingi unalazimika kulala Barcelona usiku mmoja zaidi.

Ya pili ni kununua tiketi mbili za njia moja: Nairobi hadi Barcelona, kisha Athens hadi Nairobi. Inaonekana ni akili. Shida ni kwamba mashirika makubwa ya safari ndefu mara nyingi huuza njia moja kwa bei inayozidi nusu ya tiketi ya kwenda na kurudi. Ukinunua mbili, umelipa ile ziada mara mbili.

Ya tatu ni tiketi moja inayokupeleka mji mmoja na kukutoa mji mwingine. Mashirika mengi hukadiria tiketi ya namna hii kama nusu ya nauli ya kwenda na kurudi ya mji wa kwanza, ukiongeza nusu ya nauli ya kwenda na kurudi ya mji wa pili. Kwa maneno mengine, kushuka mji tofauti hakukuadhibu.

Tuchukue namba za mfano tu, si bei ya shirika lolote. Tuseme kwenda na kurudi Barcelona ni shilingi 110,000, na kwenda na kurudi Athens ni shilingi 100,000. Tiketi moja ya miji miwili itakaribia 55,000 na 50,000, yaani 105,000. Tiketi mbili za njia moja, tuseme ni 75,000 na 70,000, zinafika 145,000. Ile njia ya kurudi Barcelona ni 110,000, weka 15,000 za ndege ndogo na mizigo yake, weka 10,000 za kulala, unapata 135,000. Kwa watu wawili, tofauti kati ya njia ya pili na ya tatu ni shilingi 80,000. Hiyo si pesa ya kuokota.

Bei halisi zitabadilika kulingana na msimu, na mara moja moja tiketi mbili za njia moja hushinda, hasa zikiwa za mashirika mawili yanayoshindana. Lakini kama hujaangalia njia ya tatu, hujatafuta.

Jinsi ya kuitafuta

Kwenye tovuti au programu ya kutafuta ndege, utaona kwa kawaida vitufe vitatu: kwenda na kurudi, njia moja, na kile kilichoandikwa "Multi-city". Hicho cha tatu ndicho wengi hawakigusi. Kibonyeze. Kwenye mstari wa kwanza andika Nairobi hadi Barcelona na tarehe. Kwenye mstari wa pili andika Athens hadi Nairobi na tarehe ya kurudi. Usiongeze mstari wa Barcelona hadi Athens. Hapo utakuwa kwenye meli.

Kisha fikiria vituo vya kubadilishia ndege. Kutoka Nairobi, mashirika yanayopitia Dubai, Doha na Istanbul hufika Barcelona, Roma na Athens, kwa hivyo tiketi moja inaweza kukupeleka mji mmoja na kukutoa mwingine bila kubadilisha shirika. Wakazi wa Pwani wasisahau kwamba Ethiopian Airlines huondoka Mombasa kwenda Addis Ababa na kuunganisha huko. Huenda ukaokoa nauli ya kuja Nairobi na usiku mmoja wa hoteli. Linganisha kabla hujapanda SGR.

Jaribu pia kugeuza mwelekeo. Meli nyingi za njia moja hufanya safari ile wiki hii kutoka Barcelona kwenda Piraeus, halafu baadaye zikarudi kutoka Piraeus kwenda Barcelona. Bandari ni zilezile au zinakaribiana, ila tarehe ni tofauti, na nauli ya ndege inaweza kushuka. Hii ndiyo faida ya kutafuta ndege kwanza: bado una uhuru wa kuchagua meli inayoendana na nauli. Ukishalipia chumba, uhuru huo umekwisha.

Ukipata bei nzuri kwenye tovuti ya kulinganisha, ingia pia tovuti ya shirika lenyewe. Tofauti ikiwa ndogo, sisi tungenunua kwa shirika. Siku ndege ikifutwa, ni afadhali uwe na mtu mmoja wa kuongea naye kuliko wawili wanaorushiana lawama.

Soma jina la bandari mara mbili

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kimyakimya, kwa sababu jina la mji kwenye tangazo si lazima liwe mahali meli ilipo.

Tangazo likisema Roma, meli iko Civitavecchia, zaidi ya kilomita 70 kutoka katikati ya jiji. Kuna treni, na si safari mbaya, lakini ni saa nzima na zaidi ukiwa na mabegi. Kati ya viwanja viwili vya Roma, Fiumicino ndicho kilicho upande wa bandari. Ciampino kiko upande wa pili wa jiji.

Tangazo likisema London, mara nyingi meli iko Southampton, karibu kilomita 100 kutoka Heathrow. Na Uingereza haimo kwenye Schengen, kwa hivyo hiyo ni viza nyingine.

Venice ndiyo yenye mtego mkubwa. Tangu Agosti 2021, Italia imezuia meli kubwa kupita mbele ya uwanja wa San Marco na mfereji wa Giudecca. Kwa sababu hiyo safari kadhaa zinazouzwa kwa jina la Venice huanzia au kuishia Ravenna, zaidi ya kilomita 100 kusini, au Trieste upande wa mashariki. Kama yako ni Ravenna, uwanja wa Bologna uko karibu zaidi kuliko wa Venice, na Emirates na Turkish Airlines hufika huko. Mtu aliyenunua tiketi ya Venice kwa kufuata tangazo atalipa basi au teksi ya masaa, na hataelewa kosa lilitoka wapi.

Barcelona yenyewe ni rahisi, kwa kuwa uwanja wa El Prat uko karibu na bandari. Lakini ukiona tiketi ya bei ya kutupwa inayosema Girona au Reus, ujue viwanja hivyo viko kama kilomita 90 hadi 100 kutoka jijini. Athens nayo imerahisishwa: tangu Oktoba 2022 treni ya chini kwa chini inatoka uwanja wa ndege hadi Piraeus bila kubadilisha, kwa takriban saa moja.

Usiku mmoja wa hoteli ni bima

Meli haisubiri. Ndege ikichelewa na umekuja siku ileile ya kuondoka, unaweza kufika bandarini ukaona moshi tu. Chumba ulicholipia kitaenda bila wewe, na kurudishiwa pesa kwa sababu hiyo ni ndoto. Ndiyo maana tunasisitiza: fika siku moja kabla. Usiku mmoja wa hoteli ya kawaida ni bei ndogo ukilinganisha na safari nzima.

Upande wa kurudi, meli kwa kawaida hutia nanga alfajiri na abiria hushuka kwa zamu mpaka katikati ya asubuhi. Usinunue ndege ya saa nne asubuhi kwa sababu ni nafuu ya shilingi elfu tatu. Chagua ya alasiri au ya usiku.

Kuna jambo lingine la tiketi zilizonunuliwa mbalimbali. Ndege zote zikiwa kwenye tiketi moja, ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, shirika ndilo lenye jukumu la kukutafutia nyingine. Zikiwa tiketi mbili tofauti, shirika la pili litakuandika kama mtu ambaye hakutokea. Na kumbuka sheria hii: kwenye tiketi moja, ukiacha kupanda kipande cha kwanza, shirika linaweza kufuta vipande vyote vilivyobaki. Usije ukanunua tiketi ya kwenda na kurudi ukidhani utatumia nusu ya pili peke yake.

Viza ndiyo inayoamua lini ulipe

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, ushauri mwingi wa wasafiri wa Ulaya na Marekani hautoshi, kwa sababu wao hawana mstari huu kwenye bajeti. Sisi tunao.

Viza ya Schengen inagharimu yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na inahitaji bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45, na hapo hujahesabu kusubiri miadi.

Uombe kwa nchi gani, ikiwa meli inagusa Uhispania, Ufaransa, Italia na Ugiriki? Kanuni ni nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni ile unayoingia kwanza. Keti na ratiba ya meli, hesabu siku nchi kwa nchi, ukiongeza ile hoteli ya mwanzo na ya mwisho. Halafu angalia kama meli inatoka nje ya Schengen katikati ya safari, kwa mfano kwenda Kusadasi nchini Uturuki au Kotor nchini Montenegro, kisha ikarudi. Ikiwa ndivyo, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na uangalie masharti ya nchi hiyo ya nje pia. Kroatia si tatizo tena, kwani iliingia Schengen Januari 2023.

Sasa unganisha hili na malipo. Maombi ya viza yanahitaji uonyeshe nafasi uliyohifadhi kwenye ndege. Si lazima iwe tiketi uliyokwisha lipia. Kampuni nyingi za meli nazo huchukua arbuni ya kushikilia chumba, na kudai salio lote kati ya siku 60 na 90 kabla ya kuondoka. Kwa hivyo una dirisha la kama miezi mitatu kati ya siku ya kwanza ya kuomba viza na siku ya kumaliza kulipia meli. Safari yako inafaa iamuliwe ndani ya dirisha hilo, viza ikiwa mkononi kabla pesa kubwa haijatoka.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu. Kwanza, tafuta ndege na uandike bei bila kulipa. Pili, shikilia chumba kwa arbuni, baada ya kusoma inarudishwa kwa masharti gani. Tatu, hifadhi nafasi ya ndege na upeleke maombi ya viza mapema. Nne, viza ikitoka, lipia ndege. Tano, malizia meli. Ukilazimika kulipia ndege kabla ya viza, lipa zaidi kidogo upate nauli inayoruhusu kurudishiwa pesa. Nauli ya bei ya chini kabisa isiyorudishwa, kwa mtu asiye na viza, ni kamari.

Na kama unataka kujifunza mchezo huu bila presha ya viza, Afrika Kusini ipo. Tangu Januari 2023 Wakenya huingia huko bila viza hadi siku 90 kwa mwaka. Unaweza kujaribu tiketi ya kuingilia Cape Town na kutokea Johannesburg, ukaona jinsi miji miwili kwenye tiketi moja inavyofanya kazi.

Sasa lipa, lakini kwa macho mawili

Siku ya kulipa ikifika, simu yako inatosha, ukijipanga.

Kwa sasa muamala mmoja wa pesa za simu una kikomo cha shilingi 250,000, na akaunti haishiki zaidi ya 500,000. Tiketi za familia zinaweza kuvuka hapo. Usigundue hilo dakika kumi kabla ya nafasi uliyoshikilia kuisha muda. Gawanya tiketi mapema, au lipa kupitia benki.

Tiketi zinazoanzia Kenya mara nyingi hupangiwa bei kwa dola, na meli za Ulaya kwa yuro au dola. Ukilipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu, pesa hubadilishwa kwa kiwango cha siku hiyo, na ada juu yake. Tovuti ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi badala ya sarafu yao, piga hesabu kwanza. Urahisi huo mara nyingi una bei. Na kumbuka kwamba pesa ikirudishwa, itarudi kwa kiwango cha siku ile nyingine, na inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki.

Ukinunua kwa wakala, lipa kwenye namba ya biashara, si namba ya mtu. Jina litakalojitokeza kabla hujaweka PIN lazima lilingane na jina la ofisi. Mawakala wa safari nchini hupewa leseni na Tourism Regulatory Authority. Omba kuiona bila aibu. Wakala mzuri hakasiriki ukimuuliza.

Baada ya kulipa utapewa namba ya kuhifadhi nafasi, yenye herufi na tarakimu sita. Wengi huishia hapo na kufurahi. Hiyo pekee haithibitishi kwamba tiketi imelipiwa. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: Kenya Airways ni 706, Ethiopian 071, Emirates 176, Qatar Airways 157, Turkish 235. Ingia tovuti ya shirika, weka namba yako ya kuhifadhi na jina la ukoo, uone kama tiketi ipo. Nafasi isiyo na namba ya tiketi ni kiti kilichoshikiliwa tu, na kinaweza kuachiliwa usiku huohuo. Hii ni hatua ya dakika mbili, na tungependa kila mteja wetu aizoee kama anavyosoma ujumbe wa kuthibitisha muamala.

Watakaotupinga

Kuna watakaosema: mkingoja hivyo, bei ya chumba itapanda. Ni kweli inaweza kupanda. Lakini arbuni ipo kwa ajili hiyo, na kupanda kwa chumba kwa elfu kumi ni afadhali kuliko kulipa elfu themanini za ziada kwenye ndege usiyoweza tena kuibadilisha.

Wengine watasema: kampuni ya meli yenyewe inauza ndege, kwa nini nihangaike? Baadhi huuza, na faida yake ni kwamba ndege ikichelewa wao wanahusika kukufikisha melini. Uliza tu mambo mawili: je, wanauza kutoka Nairobi, na bei yao ikilinganishwa na ile uliyoiandika wewe ni tofauti ya shilingi ngapi? Ikiwa tofauti ni ndogo, chukua. Lakini utajua ni ndogo kwa sababu tu ulitafuta ya kwako kwanza.

Mwenda pole hajikwai, walisema wazee, na hawakuwa wamesikia habari ya kulipa kwa kidole. Teknolojia yetu imeondoa foleni na makaratasi. Haijaondoa haja ya kukaa chini na kalamu. Kama una meli unayoitamani, leo jioni andika mambo manne kwenye karatasi: bandari ya kuanzia, bandari ya kuishia, uwanja wa ndege ulio karibu na kila moja, na bei ya tiketi moja ya miji hiyo miwili. Jumlisha na chumba, viza, bima na usiku wa hoteli. Jumla ikikubaliana na akiba yako, tutakuwa tayari kupokea malipo yako. Isipokubaliana, umejua mapema na hujapoteza hata shilingi.